Nafuu ya Ushuru Inayofika Kabla ya Faida

Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha wa Kenya na kwa Kamati ya Fedha na Mipango ya Bunge la Kitaifa

Mheshimiwa Waziri,

Sheria ya Fedha ya 2019 ilifanya jambo ambalo wenye viwanda vya kuchakata taka walikuwa wamelisubiri kwa muda mrefu: iliwatambua. Kampuni inayoendesha kiwanda cha kuchakata plastiki ilipunguziwa ushuru wa mapato kutoka asilimia 30 hadi asilimia 15 kwa miaka mitano ya kwanza tangu ianze kazi. Mashine za kujengea viwanda hivyo zikasamehewa ushuru wa ongezeko la thamani (VAT), na huduma zinazotolewa kwao vilevile. Ilikuwa miaka miwili tu baada ya marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 28, 2017, na nchi jirani zilikuwa zikiitazama Kenya. Hatua ile ilistahili pongezi, na bado inastahili. Lakini jinsi ilivyoandikwa, humfikia mwekezaji kabla hajapata cha kutozwa, kisha humwacha pale anapoanza kukipata.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme kuna kiwanda cha mfano, Athi River, kilichonunua mashine za shilingi milioni 200. Mwaka wa kwanza kinapata hasara ya milioni 20 kwa sababu bado kinatafuta taka za kutosha na wateja wa kuaminika. Mwaka wa pili na wa tatu, hasara ni ileile. Wa nne kinarudisha gharama zake. Wa tano kinapata milioni 10, na wa sita milioni 30. Mwendo huo ni wa kawaida kabisa katika kazi hii. Sasa sheria inaruhusu nusu ya bei ya mashine ikatwe kwenye mapato ya mwaka wa kwanza, na nusu iliyobaki robo kwa robo kwa miaka minne inayofuata. Kwa hesabu ya Mamlaka ya Mapato (KRA), basi, kiwanda hiki kina hasara ya milioni 120 mwaka wa kwanza, na hadi mwaka wa tano bado hakina hata shilingi moja ya kutozwa ushuru. Kile kiwango cha asilimia 15 kinakwisha muda wake kabla hakijaguswa. Mwaka wa sita, faida ya kwanza ya kweli inapoingia, kiwango kimerudi asilimia 30.

Ingekuwa afadhali kama hasara zile za mwanzo zingeendelea kuhesabiwa mpaka ziishe. Tangu 2021 sheria iliruhusu hivyo bila kikomo. Sheria ya Fedha ya 2025 ikaweka kikomo cha miaka mitano. Katika mfano huu, faida ya milioni 30 ya mwaka wa sita itafutwa na hasara ya mwaka wa kwanza, kisha milioni 90 zilizobaki za hasara hiyo zitapotea. Mwekezaji aliahidiwa kwa mkono mmoja kwamba bei ya mashine zake itatambuliwa, na mkono wa pili ukaweka tarehe ya kuisahau ahadi. Saa mbili za miaka mitano zinapiga kwa pamoja, na zote mbili zinamkimbia.

Dawa ya hili haihitaji pesa kutoka Hazina. Miaka mitano ya nafuu ihesabiwe kuanzia mwaka wa kwanza wenye mapato yanayotozwa ushuru, na viwanda vya kuchakata taka viachiwe hasara zao kwa muda wa maisha ya mashine, tuseme miaka kumi.

Kuna pengo jingine, na pengine ndilo kubwa zaidi. Nafuu ya 2019 ilitaja plastiki peke yake. Nairobi huzalisha takriban tani 2,400 za taka kila siku, na zaidi ya nusu yake ni vitu vinavyooza: maganda ya ndizi na viazi, mabaki ya sukuma wiki ya masoko ya Wakulima na Gikomba, masalio ya hoteli. Ndizo zinazotoa harufu kwenye jaa la Dandora, ndizo zinazotoa gesi ya methani, na ndizo zinazolilainisha rundo mpaka linaporomoka. Mnamo Agosti 10, 2024, jaa la Kiteezi, Kampala, liliporomokea nyumba za watu na kuua zaidi ya thelathini. Anayejenga kiwanda cha mboji, au anayefuga nzi askari weusi ili mabuu wao wawe chakula cha kuku na samaki, anaondoa sehemu kubwa na ya hatari zaidi ya taka za mji. Sheria ile haikumtaja. Wala haikumtaja anayechakata vioo, matairi au simu zilizokufa.

Kampuni ya Sanergy ilianza kazi mtaa wa Mukuru, Nairobi, zaidi ya muongo mmoja uliopita kwa vyoo vya Fresh Life, ikikusanya kinyesi ambacho mabomba ya mji hayakukifikia, na ikaendelea hadi kutengeneza mbolea asilia na protini ya wadudu katika kiwanda chake cha Kinanie, Kaunti ya Machakos. Mbolea kama hiyo inaingia sokoni kushindana na nini? Septemba 2022 serikali ilishusha bei ya mfuko wa mbolea kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500, na mwaka uliofuata ikaishusha tena hadi 2,500. Mkulima alihitaji msaada huo, na hakuna anayeweza kumlaumu aliyeupokea. Lakini mpango ule ulijengwa zaidi juu ya mbolea za kemikali zinazoagizwa kutoka nje. Mwenye kiwanda cha mboji akajikuta anauza kwa gharama zake kamili kando ya mfuko ambao Hazina imelipia zaidi ya nusu. Ruzuku ikiwa ya mbolea, basi na iwe ya rutuba inayofika shambani, itoke bandari ya Mombasa au itoke sokoni Gikomba, mradi imepimwa na kuthibitishwa.

Mheshimiwa, wawekezaji wengi wa taka hawaangushwi na ushuru wa mapato. Huangushwa na mzunguko wa pesa kati ya siku ya kulipa na siku ya kulipwa.

Mama anayeleta magunia ya chupa kwenye mzani wa Korogocho anataka pesa zake jioni hiyohiyo, mkononi au kwa M-Pesa, kwa sababu ndizo unga wa usiku huo. Kampuni inamlipa, kisha inazipanga chupa, inazisaga, inaziosha na kuziyeyusha ziwe punje za plastiki, na kuziuza kwa kiwanda kikubwa cha vifungashio. Kiwanda kikubwa hulipa baada ya siku 60, au 90. Lakini VAT ya mauzo hayo inadaiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata, mteja awe amelipa au hajalipa. Mfanyabiashara wa kawaida angepunguza mzigo huo kwa kudai VAT aliyolipa aliponunua mali yake. Mchakataji hana cha kudai, maana mama wa Korogocho hatozi VAT. Basi anaikopesha serikali asilimia 16 ya mauzo yake, kwa pesa alizozikopa benki.

Msamaha wa 2019 kwa huduma haukumwondolea shida hiyo. Fundi au msafirishaji anayetoa huduma iliyosamehewa VAT hawezi kudai VAT aliyotozwa yeye mwenyewe kwenye vipuri na vifaa, kwa hiyo huiongeza kwenye bei yake kimyakimya. Kama huduma hizo zingetozwa kiwango cha sifuri badala ya kusamehewa, mzigo huo ungeondoka kabisa. Karani wa ushuru anaijua tofauti hiyo vizuri. Mbunge anayepiga kura saa nne usiku huenda asiione.

Halafu kuna ankara. Kuanzia Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS haikubaliwi kupunguza mapato yanayotozwa ushuru. Kwa duka la jumla hilo linaeleweka. Kwa kampuni ambayo gharama yake kubwa kuliko zote ni malipo madogomadogo kwa mamia ya waokota taka, maana yake ni kwamba gharama hiyo inafutika machoni pa KRA na kampuni inatozwa ushuru kwa faida ambayo haikuipata. Marekebisho ya Desemba 2024 yalifungua mlango: mnunuzi anaweza kuandika ankara yeye mwenyewe pale muuzaji anapokuwa mdogo, mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 5 kwa mwaka. Mlango huo ni mzuri, lakini upana wake upimwe na mtu asiye na simu janja. Daftari la mzani lenye uzito, tarehe na nambari ya M-Pesa likubaliwe kuwa ushahidi wa kutosha, na vyama vya waokota taka viruhusiwe kusajiliwa mara moja kwa niaba ya wanachama wao. La sivyo, kampuni itasukumwa kununua kutoka kwa mabroka wachache wenye makaratasi, na mama wa gunia atakatwa bei na mtu wa katikati.

Waokota taka ndio waliobeba kazi hii wakati mji ulipowapa kisogo. Jaa la Dandora lilifunguliwa katikati ya miaka ya 1970 na likatangazwa kujaa mwaka 2001. Malori bado yanamwaga. Mwaka 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake makuu yako hapohapo Nairobi, ilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 waishio na kusoma karibu na jaa hilo: nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kinachokubalika kimataifa. Mpango wowote wa fedha unaojenga kiwanda kizuri na kuwaacha waokota taka na watoto wao palepale walipokuwa utakuwa umeshindwa, hata kama mizania yake inapendeza.

Mwaka 2024 Hazina ilijaribu njia nyingine, ile iliyoitwa Eco Levy. Ushuru ule ulikusudiwa kutoza nepi, betri, matairi, simu na vifungashio vya plastiki, na ukawa moja ya sababu zilizowatoa vijana barabarani. Juni 26, siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni na damu kumwagika, Rais alikataa kutia saini Muswada wa Fedha mzima uliobeba ushuru huo. Mengi yalisemwa kuhusu bei ya nepi, na yalisemwa kwa haki. Swali moja halikupata nafasi ya kutosha: pesa hizo zingekwenda wapi? Kama zingeingia mfuko mkuu wa serikali, mchakataji wa Dandora asingeziona.

Afrika Kusini imekwisha kuonja hilo. Mwaka 2003 ilianza kutoza ushuru kwa kila mfuko wa plastiki, na ikaunda kampuni isiyo ya faida, Buyisa-e-Bag, ili sehemu ya mapato ijenge uchakataji. Kampuni hiyo ilifungwa mwaka 2011, na ushuru ukaendelea kukusanywa. Kwenye matairi kisa kilikuwa kizito zaidi. Chini ya mpango wa REDISA uliokubaliwa mwaka 2012, watengenezaji na waagizaji walilipa randi 2.30 kwa kila kilo, na pesa zikalipa wakusanyaji, wasafirishaji na wachakataji moja kwa moja. Februari 2017 ada ya kiwango kilekile ikageuzwa kuwa ushuru wa serikali unaokusanywa na mamlaka ya mapato. REDISA ikaingia kortini, ikawekwa chini ya ufilisi mwaka huohuo, na ilikuwa 2019 kabla Mahakama ya Juu ya Rufaa haijaifuta amri hiyo. Mtandao uliojengwa kwa miaka kadhaa ulisambaratika huku mnunuzi wa tairi akiendelea kulipa randi zilezile.

Kenya sasa ina nafasi ya kutorudia kosa hilo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 iliweka msingi, na kanuni za wajibu wa mzalishaji zilizochapishwa Novemba 2024 zinamtaka anayeleta kifungashio sokoni agharimie mwisho wake. Fedha hizo zibaki nje ya mfuko mkuu. Zilipwe kwa tani iliyochakatwa na kupimwa, kwa kiwango kinachojulikana mapema, ili mwenye kiwanda aweze kwenda benki na kusema: kila mwaka, hata bei ya mafuta ghafi ikianguka, nina kiasi hiki. Aprili 2020 bei ya mafuta ilipoporomoka duniani, plastiki mpya ikawa rahisi kuliko iliyochakatwa, na kila mchakataji aliyekuwa akitegemea bei ya soko peke yake aliumia.

Hapo ndipo suala la mikopo linapoingia. Februari 2024 Benki Kuu ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13, na kufikia mwisho wa mwaka wastani wa riba ya mikopo ya benki ulikuwa karibu asilimia 17. Imeshuka tangu hapo, lakini muda wa mkopo bado ni tatizo kuliko riba. Benki yenye amana za muda mfupi inapenda kurudishiwa pesa zake baada ya miaka mitatu au mitano. Kiwanda cha kuchakata hujilipa baada ya saba au kumi. Na dhamana ambayo benki inaielewa ni kiwanja, si mlima wa chupa.

Soko la mitaji limeonyesha njia. Mwaka 2019 kampuni ya Acorn ilikusanya shilingi bilioni 4.3 kwa hatifungani ya kijani ya kujenga mabweni ya wanafunzi Nairobi, kwa riba ya asilimia 12.25. Kampuni ya dhamana ya GuarantCo iliidhamini kwa asilimia 50, na dhamana hiyo ndiyo iliyowapa wenye mifuko ya pensheni moyo wa kununua. Sheria ileile ya Fedha ya 2019 ilisamehe ushuru kwenye riba ya hatifungani za kijani zilizoorodheshwa sokoni. Mwaka 2024, ng'ambo ya mpaka, mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya miaka kumi yenye thamani ya shilingi za Tanzania bilioni 53.12, na wanunuzi wakaleta zaidi ya kilichoombwa. Tanga ilikuwa na kitu ambacho mwenye lori la taka hana: mita. Kila mwezi bili inatoka, kila mwezi pesa zinaingia, na mwekezaji anaweza kuziona kabla hajatoa shilingi yake.

Taka hazina mita. Mapato yake hutokana na ada ya nyumba kwa nyumba, mauzo ya bidhaa, na mkataba na kaunti. Huo wa tatu, ambao ungepaswa kuwa nguzo, ndio unaoogopwa zaidi. Kaunti zinadaiwa na watoa huduma zaidi ya shilingi bilioni 150, Nairobi ikiongoza orodha. Mkataba wa kuchakata tani mia kwa siku uliosainiwa na kaunti isiyolipa hauwezi kuwekwa mezani pa benki yoyote. Kabla ya kutafuta wawekezaji wapya kutoka ng'ambo, Hazina ingefanya vyema kufungua akaunti maalumu ambamo sehemu ya mgao wa kaunti kwa ajili ya taka inawekwa kando na kulipwa moja kwa moja kwa tani iliyopimwa. Kaunti zenyewe zikubali kwanza, kwa sababu ugatuzi ni wa kikatiba na hauwezi kurukwa. Na ule mpango wa dhamana ya mikopo kwa biashara ndogo, ulioanza Desemba 2020 kwa mtaji wa shilingi bilioni 3, utengewe dirisha la taka lenye mikopo ya miaka saba au zaidi.

Uingereza ilianza upande wa pili: kuipandisha bei ya kutupa. Oktoba 1996 ilitoza pauni 7 kwa kila tani inayozikwa jaani, na leo kiwango cha kawaida kimepita pauni 100. Kutupa kukawa ghali kuliko kuchakata, na viwanda vikajengwa. Mwandishi wa barua hii anaiheshimu sera hiyo, lakini haoni kwamba inaweza kuletwa Nairobi ilivyo. Lori likidaiwa elfu kadhaa kwenye lango la Dandora kesho, litamwaga Mto Nairobi usiku huohuo. Kwetu, kwa sasa, ni bora kumlipa anayepokea kuliko kumtoza anayetupa.

Kuna pia kishawishi cha mradi mmoja mkubwa. Addis Ababa ilijenga kiwanda cha Reppie kwa fedha za serikali, kilichozinduliwa Agosti 2018, cha kuchoma hadi tani 1,400 kwa siku na kuzalisha umeme. Kilisimama kando ya jaa la Koshe, lililoporomoka Machi 2017 na kuua watu zaidi ya 110, na mtu anaelewa kwa nini serikali ile ilitaka jibu kubwa na la haraka. Lakini taka za miji yetu ni mbichi. Kuzichoma ni kutumia nguvu nyingi kukausha maganda ya ndizi. Isitoshe, mtambo wa aina hiyo hudai malisho ya kila siku kwa miongo, na mkataba wake humfunga kila anayetaka kuchakata chupa ileile. Naivasha, tangu 2015, mtambo wa bayogesi wa Gorge Farm wa megawati 2.2 umekuwa ukilishwa mabaki ya mashamba, kwa kiasi ambacho shamba lenyewe linaweza kukitoa. Hazina ikiombwa dhamana ya mradi wa kuchoma taka za Nairobi, basi na iulize kwanza viwanda kumi vya mboji na wadudu vingegharimu kiasi gani, na vingeajiri watu wangapi kutoka Dandora.

Muswada wa Fedha hutakiwa kufika Bungeni kabla ya Aprili kwisha, na kiwango kinachozungumzwa hapa kimo katika Jedwali la Tatu la Sheria ya Ushuru wa Mapato. Maneno yanayosema miaka mitano ihesabiwe tangu kampuni inapoanza kazi yabadilishwe yaseme tangu inapopata mapato yanayotozwa ushuru. Na pale palipoandikwa plastiki paandikwe taka. Wanaoendesha viwanda hivi, na wanaowauzia magunia, wako tayari kuja mbele ya Kamati na madaftari yao ya mzani.

Wako mwaminifu,
Mwandishi